Honda CG125: kuipunguzia kilo 15 nyumbani bila kuiharibu

Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, na haijawahi kuwa pikipiki nzito. Ikitoka kiwandani ina kilo 100 hivi, ikizidi au kupungua kidogo kwa modeli. Uzito inaokuwa nao baada ya miaka kumi ya kazi ni wa kuongezewa: keria ya mabomba, gadi ya mbele, kiti kirefu, stendi kubwa, vikanyagio vya abiria vya chuma kizima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kuvua. Kukata ni kidogo, na kutoboa karibu hakuna.

Maelezo yanafaa CG125 yenyewe, ikiwemo ile inayoendelea kuundwa Pakistan, na pia pikipiki za China za 125 na 150 zilizonakili injini yake. Kuitambua injini hiyo ni rahisi. Haina cheni ya taimingi; kemshafti iko chini, inazungushwa na gia, na inasukuma valvu kwa fito ndefu. Kichwani ina kava moja juu, na ubavuni mwa silinda hakuna njia ya cheni. Namba za injini za China zinaanza na idadi ya silinda, kisha kipenyo cha pistoni: 156FMI ni 125 yenye pistoni ya mm 56.5, na 162FMJ ni 150 yenye pistoni ya mm 62. Usiziamini namba hizo peke yake, maana injini za cheni ya taimingi nazo zinapigwa chapa hiyohiyo. Angalia kichwa.

Mizani kwanza, spana baadaye

Tafuta mizani mbili za bafuni. Weka moja chini ya kila tairi, pikipiki iwe wima kabisa, msaidizi aishike usukani kwa vidole tu. Ukiwa na mizani moja, weka ubao wenye unene uleule chini ya tairi la pili, pima mbele, geuza, pima nyuma, kisha jumlisha. Bila ubao pikipiki inainama, na uzito wa mbele na nyuma unadanganya. Andika namba tatu: mbele, nyuma, jumla.

Andika pia kiasi cha mafuta kilichomo kwenye tenki. Lita moja ya petroli ina gramu 740 hivi, kwa hiyo tenki la lita 9 likijaa ni karibu kilo 6.7. Anayejaza tenki kwa mizunguko ya mtaani amebeba kilo tano ambazo angeziacha kituoni bila kushika hata bisibisi.

Kwa vipuri vidogo tumia mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi. Kila kitu kinachotoka kipimwe kabla hakijatupwa pembeni, na kila kinachoingia kipimwe kabla hakijafungwa. Bila daftari hilo utamaliza mwezi mzima ukijisifu kwa gramu 300.

Je, kuna faida gani? Pikipiki ya kilo 100 na mwendeshaji wa kilo 70 ni kilo 170. Toa 15, zinabaki 155. Injini ya 125 inatoa nguvu za farasi 11 hivi. Kwa uzito huo mpya itavuta kana kwamba ina 12. Utaisikia kwenye kilima, kwenye kushika breki, na zaidi sana unapoisukuma imezimika. Mwendo wa juu kabisa haubadiliki sana, kwa sababu pale kinachokuzuia ni upepo.

Vua vya bure

Hapa ndipo kilo zilipo. Bomba la chuma la mm 22 lenye ukuta wa mm 2 lina uzito wa karibu kilo moja kwa kila mita. La mm 25 linazidi kidogo, kilo 1.13. Chukua futi kamba, pima mabomba yote ya keria na gadi yako. Keria ya kubebea magunia inafika mita tatu bila shida, na gadi ya mbele mita mbili na zaidi. Hizo ni kilo tano kabla hujaanza kufikiri.

Fuata mpangilio huu:

1. Keria ya nyuma. Bolti zake mara nyingi ndizo zinazoshika pia madigadi, na pengine ncha za juu za shokapu. Ukiitoa, bolti zinabaki ndefu kupita kiasi. Nunua fupi za daraja lilelile, usijaze nafasi kwa washa kumi.
2. Gadi ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi imefungwa kwa bolti ya injini. Ukishaitoa, mabano ya injini yanakosa unene wa gadi. Weka washa moja nene au bolti ya urefu sahihi, na ukaze. Bolti ya injini iliyolegea inapasua fremu.
3. Stendi kubwa. Kwanza chungulia ekseli yake. Kwenye nyingi za muundo huu, pedali ya breki ya nyuma inapita kwenye ekseli hiyohiyo. Ukiichomoa bila kuangalia, breki inaondoka na stendi. Hapo ekseli inabaki, na nafasi ya stendi inajazwa na kipande cha bomba. Ukiiondoa stendi, tengeneza kreti ya mbao ya kuinulia pikipiki, maana stendi ya pembeni haikusaidii kutoa tairi.
4. Vikanyagio vya abiria, kama hubebi abiria. Angalia silensa inaning'inia wapi: mara nyingi imeshikwa na bolti ya kikanyagio cha kulia.
5. Vipambo, honi ya pili, spika, masanduku ya bati, kinga ya kuzuia nguo zisiingie kwenye tairi upande wa kushoto.

Usitoe taa, honi moja, vioo viwili, indiketa wala kibao cha namba. Kwa pamoja havifiki uzito wa keria, na ndivyo vitu vya kwanza trafiki anavyoviangalia.

Kava la cheni ni habari nyingine. CG halisi ilikuja na kava linaloifunika cheni yote, na ni moja ya sababu cheni yake inadumu. Wengi hulitoa kwanza kwa sababu linaonekana zee. Kwenye lami, weka kava la juu pekee na utakuwa umepunguza kitu. Kwenye vumbi la barabara ya murramu, liache. Hakuna maana ya kupunguza uzito wa kava halafu ukanunua cheni na sproketi mara mbili kwa mwaka.

Mambo ya kutoboa matundu

Tutalisema mapema, kwa sababu drili huwa inawasha mikono. Tundu la mm 10 kwenye bati la chuma la mm 3 linatoa gramu 1.85. Toboa ishirini, umetoa gramu 37, ambazo hazifiki uzito wa yai la kuku. Kwa gramu hizo umekaribisha kutu sehemu ishirini na nyufa pengine sehemu mbili.

Kuna sehemu nne ambazo tundu ni hatari ya wazi: fimbo inayozuia sahani ya breki ya nyuma isizunguke, mkono wa breki, mabano ya injini, na mkono unaoshika tairi la nyuma. Kwenye fremu ya CG bomba la mbele linaishia kwenye mabano ya injini, na injini yenyewe inabeba mzigo kama kipande cha fremu. Mabano yale yakilegea au kuchanika, pikipiki inajikunja katikati.

Madigadi

La nyuma ni la bati na refu. Ukubwa wake ukikaribia mita za mraba 0.2, bati la mm 1 ni kilo 1.57. Alumini ya mm 2 kwa eneo hilohilo ni kilo 1.08, ya mm 1.5 ni gramu 810. Plastiki ya pikipiki za matopeni ni nyepesi zaidi, na ikipigwa na jiwe inarudi ilivyokuwa. Kwa pesa ya kawaida, plastiki ndiyo chaguo letu.

Usiondoe kipande cha ndani, kile kilicho kati ya tairi na boksi la chujio. Kikiondoka, tairi linarusha tope moja kwa moja kwenye betri, nyaya na mdomo wa chujio.

Madigadi ya mbele yana siri. Kile chuma chake kinachopita juu ya tairi kutoka mguu mmoja wa shokapu hadi mwingine kinaifunga miguu hiyo miwili iende pamoja. Miguu ya CG ni myembamba. Ukitoa madigadi yote, usukani unaanza kuchelewa kona, na ukishika breki kwa nguvu tairi linavuta upande, kwa sababu breki ya ngoma inasukuma mguu mmoja tu. Kwa hiyo kabla ya kufunga madigadi mepesi tengeneza daraja:

Kata alumini bapa ya upana wa mm 30 na unene wa mm 5. Ikunje iwe kama mlango, ipite juu ya tairi ikiacha nafasi ya angalau mm 20 ili tope lisisage. Alumini ngumu ukiikunja kwa pembe kali inapasuka kwa nje, hivyo kunja kuzunguka bomba la mm 25, usikunje kwenye ukingo wa jiliwa. Funga kwa bolti za M6 au M8 zilezile za madigadi. Kaza baada ya kuibonyeza mbele ya pikipiki mara kumi; miguu ijipange yenyewe kwanza, daraja lifuate. Ukikaza daraja likiwa limejipinda, shokapu zinakwama na sili zinaanza kuvuja.

Kiti

Kiti cha asili kina sahani ya bati, sponji nene na leza. Kikikaa mvuani kinanyonya maji, na hapo kinaongeza kilo moja hadi mbili ambazo watu hawazihesabu. Kabla ya kutengeneza kipya, kianike juani siku mbili na kukipima tena.

Kiti cha mtu mmoja kinahitaji sahani ya sentimita 60 kwa 25 hivi. Njia mbili ni za uhakika nyumbani. Ya kwanza ni plaiwudi ya mm 9, ambayo kwa ukubwa huo ina gramu 800. Ipakwe vanishi pande zote na kingo zake, la sivyo inavimba. Ya pili ni faiba.

Kwa faiba, funika fremu na tenki kwa nailoni, kisha paka nta juu ya sehemu utakayochukulia umbo. Kata mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka tatu. Resini ya kulowesha ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Ikizidi hapo unaongeza uzito bila kuongeza nguvu. Kwa sahani ya mita za mraba 0.2 utahitaji mkeka wa gramu 270 na resini kati ya gramu 540 na 675. Kilichokauka kitakuwa chini ya kilo moja.

Hadna, yaani kigandishio, ni asilimia 1 hadi 2 ya resini. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam saa sita mchana, shika asilimia 1 na uchanganye kidogo kidogo, gramu 200 kwa mara. Ukichanganya yote pamoja, kopo linachemka mkononi kabla hujafika tabaka la pili. Bonyeza hewa itoke kwa brashi, ukigonga badala ya kupaka. Vaa miwani: tone la hadna jichoni linaharibu jicho moja kwa moja. Ukilainisha kwa msasa vaa barakoa, na ufanyie kazi hiyo nje.

Sponji iwe ngumu, ya mm 30 hadi 40. Sponji laini ya godoro inakufikisha kwenye ubao ndani ya kilomita tano.

Kukata mkia wa fremu

Ukweli ambao mafundi wengi hawausemi: hapa hakuna uzito. Ukikata sentimita 15 kila upande umetoa gramu 300 hivi. Kisha lazima ufunge mkia kwa bomba la U la sentimita 25, linalorudisha gramu 250. Kazi hii ni ya sura. Kama sura haikusumbui, ruka sehemu hii.

Kama umeamua, mstari wa kukata uwe angalau sentimita 4 nyuma ya mahali shokapu inaposhikwa juu. Usikate mbele ya hapo kwa hali yoyote. Pima kipenyo cha bomba kwa venia, usikisie. Tafuta bomba la U la kipenyo na ukuta uleule, na kipande cha ndani cha urefu wa mm 50 kinachoingia kwa kubana pande zote mbili, nusu huku nusu kule. Toboa tundu la mm 8 kila upande kwenye bomba la nje, ili kipande cha ndani kichomelewe kupitia hapo pia. Matundu haya yana kazi.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, toa betri, chomoa CDI (kisanduku cha umeme wa plagi) na rektifaya (kidhibiti cha chaji). Waya wa ardhi ubanwe sentimita chache kutoka unapochomea, kwenye chuma kilichosuguliwa hadi king'ae. Ukiubana mbele kwenye usukani, umeme unapita kwenye gololi za shingo na kuzitoboa vishimo. Usukani utakuwa unakwama katikati na hutajua kwa nini. Toa tenki, lipeleke chumba kingine kabisa. Kwa ukuta wa mm 2, mashine ya MIG, ile ya waya, ndiyo rahisi. Kwa elektrodi, tumia ya mm 2.0 aina ya 6013 kwa ampia 40 hadi 60, ukishika sehemu tatu kwanza, uache zipoe, kisha uzunguke. Ya mm 3.2 itayeyusha bomba.

Namba ya fremu imepigwa kwenye shingo ya usukani. Usiisuguie msasa, usiipake rangi nene. Pikipiki isiyosomeka namba ni kesi.

Ekzosi

Silensa ya asili ni nzito kwa sababu ina kuta mbili na vyumba ndani. Silensa ya kipenyo cha sentimita 9 na urefu wa sentimita 35 ina ngozi ya nje ya gramu 780 ikiwa chuma cha mm 1, na gramu 400 ikiwa alumini ya mm 1.5. Ndani weka bomba lenye matundu, lizungushie pamba ya glasi, isukumie imara lakini isishindiliwe.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, kuning'iniza silensa kwa stadi za kichwani peke yake. Mtikisiko unazing'oa pamoja na nyuzi zake kwenye alumini, na hapo umeingia gharama ya kichwa. Lazima iwe na mshiko wa pili nyuma wenye washa ya mpira. Kaza nyuma mwisho: kwanza nati za kichwani kwa mkono ukiwa umeweka gasketi mpya ya shaba, kisha bolti ya nyuma kwa mkono, halafu kaza za kichwani, mwisho ya nyuma. La pili, kutoa ndani ya silensa kila kitu. Mlio unaongezeka, nguvu inapungua mzunguko wa chini, na injini inakosa mafuta ya kutosha.

Dalili za kukosa mafuta ni kulipuka-lipuka ukiachia gesi, plagi nyeupe kama chokaa, na injini kupanda joto. Ikiwa inalegea gesi ikiwa nusu, shusha kibanio cha sindano ya kabureta mfuo mmoja. Sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Ikiwa inalegea gesi ikiwa wazi yote, panda jeti kubwa kwa saizi moja, jaribu, panda tena. Soma plagi baada ya kilomita tano za gesi ya juu na kuzima injini papo hapo ukiwa umeshika klachi. Unatafuta rangi ya kahawia ya biskuti. Nyeusi yenye masizi makavu ina maana umepitiliza.

Boksi la chujio la hewa libaki. Chujio dogo la koni linapunguza gramu mia chache na kuleta vumbi linalokula ringi.

Betri na selfu

Zima injini, toa waya wa betri, piga kiki. Ikiwaka, CDI yako inapata umeme wake kwenye koili ya magneti na haihitaji betri kuwaka. Isipowaka, inategemea betri, na betri ndogo mno itakuacha njiani. Za zamani kabisa zina platini na umeme wa volti 6. Hizo zina hesabu zake, na taa za volti 12 hazitafaa bila kubadili koili.

Aina ya kwanza inaweza kuendeshwa na kapasita ya mikrofaradi 4,700 ya volti 35 badala ya betri. Inafanya kazi, ila indiketa zinafifia mzunguko ukishuka na honi inakuwa ya mbuzi mgonjwa. Kwa barabarani tungechukua betri ndogo ya lithiamu ya aina ya LiFePO4. Kabla ya kuifunga, weka mita kwenye ncha za betri ya zamani na upandishe mzunguko. Volti zikizidi 14.6, badilisha rektifaya kwanza, kwa sababu betri hiyo haivumilii chaji iliyopitiliza.

Mwenye selfu anaweza kutoa mota yake na kubaki na kiki. Tundu linalobaki lizibwe kwa sahani ya alumini ya mm 6 yenye oringi. Silikoni peke yake itasukumwa nje na oili ya moto, na utaligundua siku buti la kushoto likilowa.

Matairi

Uzito wa rimu unahesabika zaidi kuliko uzito wa kiti, kwa kuwa injini inauzungusha na shokapu inauinua kwenye kila shimo. Kama pikipiki yako ina rimu za kumiminwa, pima tairi zima, kisha upime la spoku. Mara nyingi la spoku ni jepesi. Kutoka rimu ya chuma kwenda ya alumini kwenye habu ileile ya ngoma ndiyo pesa nzuri kuliko zote zilizotajwa hapa.

Hesabu matundu, mengi ni 36. Piga picha pande zote kabla ya kulegeza spoku hata moja. Rimu ya alumini ina kina tofauti, kwa hiyo spoku za zamani huenda zikazidi au kupungua urefu. Spoku inayotokeza juu ya nati yake itatoboa tyubu, basi isage au nunua sahihi. Kaza mzunguko mzima kidogo kidogo, nusu zungusho kwa kila spoku. Funga penseli kwenye mguu wa shokapu, zungusha tairi, utaona inapogusa. Honda inaruhusu kuyumba hadi mm 2; lenga chini ya mm 1. Gonga kila spoku kwa spana ndogo, zilie sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti ya bati imelegea.

Kuirudisha barabarani

Bolti za alumini zisikaribie breki, ekseli wala injini. Kwa chuma, M6 ikazwe kwa Nm (nyutoni-mita) 10, M8 kwa Nm 22. Bolti za stenlesi zinazoingia kwenye alumini zipakwe grisi kwanza. Pwani, chumvi ya hewani inazifanya zishikane na alumini hadi zikikatika ndipo zitoke.

Shokapu za nyuma sasa ni ngumu kupita mzigo. Rudisha pete za kukazia hatua ya chini kabisa, kaa juu yake, mtu apime ncha ya mkia kabla na baada. Inatakiwa kuzama robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kama haizami hata kwa pete ya chini, springi ni ya mizigo, tafuta laini.

Sproketi ya mbele inaweza kuongezwa jino moja. Kutoka 14 kwenda 15 ni mwendo zaidi ya asilimia 7 kwa mzunguko uleule. Fanya hivyo kama unaishi tambarare. Iringa au Limuru, acha kama ilivyo. Cheni icheze mm 20 hivi, ukipima sehemu inapokaza zaidi. Tepeti (nafasi ya valvu), injini ikiwa baridi, alama ya T ya magneti ikikutana na alama ya kava na pistoni ikiwa juu ya mgandamizo: mm 0.08 kwa valvu zote mbili.

Pima tena kwa mizani, mafuta yakiwa kiwango kilekile cha mwanzo. Angalia mbele na nyuma, si jumla pekee. Vitu vingi vilivyotoka vilikuwa nyuma, kwa hiyo gurudumu la nyuma litafunga mapema kuliko ulivyozoea. Legeza nati ya fimbo ya breki ya nyuma mizunguko miwili, jaribu kwenye kiwanja chenye changarawe kabla ya lami.

Baada ya kilomita 50 kaza spoku na bolti zote. Baada ya 200, safisha mahali ulipochomea kwa petroli, kausha, paka chaki nyeupe, kisha endesha nusu saa kwenye barabara mbovu. Ufa ukiwepo, mstari mweusi utajichora kwenye chaki.